Mabango Yaliyosogea Kulia

4 Februari

Mpwa wangu msomi,

Kama bahati ingekuwa maji, mimi ningekuwa nimeshazama zamani, mmenizika na mmemaliza matanga. Mungu alipokuwa anagawa macho nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, na nadhani nilirudi mara ya pili nikiwa nimevaa kofia ili nisitambulike. Rika langu lote sasa linasoma gazeti kwa kulisukuma mbali mpaka mkono unaisha. Mimi nikisimama mlangoni pa karakana yangu namwona sisimizi anavuka barabara, na nakwambia kama kashiba au ana njaa. Ndiyo maana siku hizi hawaniiti fundi mabango. Wananiita Jicho la Tai. Jina hilo sikujipa. Nililipendekeza tu.

Sasa salamu, maana majigambo bila salamu ni utovu wa adabu. Hujambo? Unakula unashiba, au mnakula vitabu? Huku wote wazima. Mama yako mzima, ila tangu mzungumze kwenye simu hakai akatulia. Anasema macho yanakusumbua, unajigonga huku na kule kama kuku aliyeingia sebuleni. Nikamwambia, dada, tulia, mtoto anasomea kusanifu majengo, kutwa kucha anachora mistari myembamba kama unywele, macho nayo yana haki ya kuchoka. Akaniangalia vile anavyoniangalia. Ndiyo nikachukua kalamu. Simu siitaki kwa mambo ya maana. Ukishakata, maneno yanakwenda zake. Barua inabaki pale pale inakukodolea.

Ushauri wangu ni mfupi. Lala mapema, nawa uso kwa maji baridi, usisome ukiwa na hasira. Zamani nilipokuwa napaka rangi melini, kabla hujazaliwa, tulikuwa na baharia mmoja aliyefunga jicho moja kwa kitambaa ili lipumzike, wiki inayofuata anahamia la pili. Siku moja akatumbukia kwenye pipa la grisi, lakini alipotolewa macho yake yalikuwa safi kuliko ya mtoto mchanga. Mimi nimetembea dunia, mpwa, najua ninachosema.

Kazi ipo tele. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi amenipa ukuta mzima wa mbele, herufi za urefu wa mtu. Unanijua, mimi sipimi kwa uzi. Fundi anayepima kwa uzi ni fundi asiyejiamini. Napiga jicho mara moja, naanza. Kero ni watu tu. Juzi mtu aliliweka kopo la rangi nyekundu pembeni ya mguu wangu bila kuniambia, nikalipiga teke, nusu ya barabara ikawa kama machinjioni. Jana mwendesha baiskeli kanipamia, hajapiga kengele, halafu ananitukana mimi. Adabu imepungua duniani, hasa kwa wanaotokea kushoto.

Jikaze kisabuni.

Mjomba wako,
Jicho la Tai


19 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Naomba uiitikie kwa sauti huko uliko, nimezoea kuisikia marahaba yako kabla sijaendelea.

Mimi mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Hapo juu ndipo penye habari.

Kwenye chumba chetu cha kuchorea kuna meza ndefu, kila mtu ana kipande chake, na juu yake nyumba ndogo za karatasi ngumu tunazozikata kwa visu na kuzigundisha. Wiki ile niliyozungumza na mama, kiwiko changu cha kushoto kiliifagia nyumba ya jirani yangu mpaka sakafuni. Alikuwa ameiungaunga wiki nzima. Nikamwomba radhi, nikamsaidia kuijenga upya, na ilipokaribia kwisha nikaifagia tena. Sasa darasa zima linaniita Greda. Nikicheka wanafurahi, kwa hiyo nacheka.

Halafu mwalimu wetu mkuu alininyooshea mkono kwenye ngazi, nikampita kama nguzo. Akamwambia mtu kwamba nimeota mapembe. Mwenzangu wa chumbani ndiye aliyesema hili si la usingizi. Alinishika mkono kama mtoto wa chekechea akanipeleka kliniki ya macho, na mlangoni akasimama ili nisitoroke.

Walinikalisha mbele ya kitu kama bakuli jeupe kubwa, kidevu juu ya kibao, jicho moja limefunikwa. Unaangalia katikati, na ukiona nukta ya mwanga popote unabonyeza kitufe. Nilikaa nangoja nukta. Nasikia mashine inalia tik, tik, nami sioni kitu. Nikamwambia yule nesi, dada, mashine yenu imeharibika. Akasema haijaharibika.

Ni presha ya macho, Mjomba. Ndani ya jicho kuna maji, na yangu hayapati njia nzuri ya kutoka, kwa hiyo yanaubana mshipa wa nyuma unaopeleka picha kichwani. Haiumi wala haipigi hodi. Jicho la kushoto limeshapoteza sehemu, la kulia limeanza kidogo. Kilichokwenda hakirudi. Kinacholindwa ni kilichobaki.

Daktari ni mama mmoja mpole, anaongea taratibu kama anayehesabu mayai. Akaniuliza kwetu nani amepofuka, kwa sababu ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Kama kuna aliyepoteza macho kabla ya uzee, yeye hangoji. Anapasua mapema na kuyatengenezea maji njia ya kutokea. Kama hakuna, tuanze na dawa ya matone, tutazame. Nikasema nitauliza.

Ninachokumbuka kwa babu ni kwamba alinitambua kwa kunishika kichwa. Nilikuwa mdogo, nilidhani ni mapenzi. Nimemwuliza mama, kanijibu, muulize mjomba wako, ndiye aliyekuwa anamwongoza baba. Basi nakuuliza. Macho ya babu yalikwendaje? Na yako?

Kisu nakiogopa, sitakuficha. Na Agosti tunasimama mbele ya walimu kutetea kazi ya mwaka mzima. Asiyesimama anarudia mwaka. Nijibu upesi.

Mpwa wako


2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na nimeiitikia kwa sauti kiasi kwamba fundi viatu wa jirani ameuliza nani kaja.

Kwanza, acha kutetemeka. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, nikaisoma nikiwa nimesimama, na mara zote mbili nimeona jambo moja: daktari anafanya kazi yake, na kazi ya daktari ni kutafuta ugonjwa. Ukimpeleka mbuzi kwa daktari atatoka na dawa ya mbuzi.

Babu yako alikuwa mhunzi. Maisha yake yote ameyamaliza amekodolea makaa mekundu na chuma kinachoruka cheche. Moshi ndio uliomla macho, na uzee ukaja kulamba sahani. Kabla ya hapo alikuwa anaona sindano kwenye mchanga. Mimi mwenyewe ndiye shahidi. Na mimi je, si ndiye huyu hapa? Mwambie huyo mama mpole kwamba una mjomba, damu moja na mama yako, anaandika herufi za urefu wa mtu bila uzi wala rula. Mwambie habari za sisimizi. Kama damu yetu ingekuwa na hitilafu, ingeanza na mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuja duniani kwanza na kila kitu cha nyumbani kile kilianza na mimi, hadi viboko.

Kwa hiyo kisu kiweke mbali. Tia matone, soma, Agosti ipite. Unajua mpwa, mtu akishaambiwa kwao ni vipofu, anaanza kupapasa hata kabla taa hazijazimwa. Sitaki uanze kupapasa. Mimi darasa la saba lilinishinda mbio, nikabaki na la sita mpaka leo. Wewe umefika mahali ambapo hata mlango wake mimi ningeupaka rangi tu na kuondoka. Usirudi nyuma kwa sababu ya nukta za mwanga.

Nikupe habari ya kukuchekesha. Lile bango la duka la vifaa limemalizika. Mwenye duka akatoka nje, akatazama, akakuna kichwa. Akasema, fundi, mbona maneno yote yamesongamana kulia, na huku kushoto umeniachia ukuta mtupu, unaweza kuegesha gari? Nikamwambia bwana, hiyo ndiyo mitindo ya sasa. Hiyo ni nafasi ya bango kupumua. Nimeiona kwenye miji mikubwa niliyotembea. Akasimama, akatikisa kichwa, akasema kumbe. Wiki ile ile kinyozi akaja anataka bango linalopumua. Fundi cherehani naye akaja. Hata duka la dawa limefuta la zamani. Mtaa mzima sasa unapumua, na anayeuvutia pumzi ni mimi.

Ukiona giza, nifikirie mimi.

Mjomba wako,
Jicho la Tai


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Umenichekesha mpaka mwenzangu wa chumbani akataka asomewe. Sasa anataka kukuona.

Nimemwambia daktari kama ulivyoniagiza. Nilimwambia babu alikuwa mhunzi, ni moshi, na mjomba wangu mkubwa kwa mama anaona mpaka sisimizi. Alicheka. Aliandika, akafikiri, akasema basi kama ni hivyo tujaribu matone kwanza. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, Mjomba. Nilinunua chungwa nikalila njiani kama mtoto.

Wepesi ule haukulala. Matone yanachoma, yanayafanya macho kuwa mekundu, na wenzangu wanadhani nalia au navuta vitu. Sikai nikatulia. Nikiwa darasani nafumba jicho moja naangalia mlango, nafumba la pili naangalia dirisha, kuona kama bado vyote vipo. Nikitembea nageuza kichwa huku na huku kama mwizi. Nachora haraka kupita kiasi, nahisi kama kuna mtu anafunga duka nami bado sijanunua. Mwalimu wetu mkuu nilimwendea nikamweleza kwa nini nilimpita kwenye ngazi. Aliona haya kuliko mimi. Sasa akiniona mbali anaita, mimi hapa, upande wako wa kulia, na darasa zima linageuka.

Kinachonisimamisha ni wewe. Usicheke. Nikianza kufikiri mabaya najiambia, mjomba ni damu hii hii na yuko juu ya ngazi huko anaandika.

Likizo fupi inaanza mwezi ujao. Nakuja. Nataka kuuona mtaa unaopumua.

Mpwa wako


30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Tumeachana juzi tu, na nyumbani nilikusalimu kila asubuhi, kwa hiyo hii ya leo ni ya ziada. Nimefika salama. Mwambie mama ndizi zilifika nzima, hazikumaliza siku.

Kuna jambo sikulisema nilipokuwa huko. Nilitaka, kila siku nilitaka, ila ulikuwa unachekesha watu na mimi sikuwa na moyo wa kukukatiza. Naomba usilichukulie kama utovu wa adabu. Wewe ndiye uliyenishika mkono na brashi nikiwa sijajua hata kuandika jina langu. Hakuna mtu ninayemwonea aibu kama wewe.

Siku ya kwanza nilipita mtaani peke yangu. Nikaona duka la vifaa. Nikaona kinyozi, cherehani, duka la dawa. Maneno yote yamebanana kulia na kushoto ukuta mtupu. Watu wanajivunia, kinyozi alinitoa nje kabisa nikalione lake. Nikasimama mbele ya duka la vifaa, karibu na ukuta, pale ambapo wewe ulisimama ukiandika. Nikafumba jicho la kulia, nikabaki na hili bovu la kushoto. Lile bango likakaa katikati, Mjomba. Lilikaa katikati sawasawa, hapakuwa na nafasi yoyote ya kupumua.

Jioni yake mama alipika chai. Nikaichukua mimi, nikakuwekea kushoto kwako, karibu na mkono. Ulikuwa unatusimulia habari za yule baharia. Ulisimulia ukamaliza, ukacheka, halafu ukamwuliza mama kama chai yako imepewa likizo. Mama alikichukua kikombe akakihamishia kulia, na wala hakuniangalia. Alikihamisha kama mtu aliyezoea kazi hiyo.

Jana nilikwenda kliniki. Matone hayajafanya kitu cha maana, presha iko juu vile vile. Daktari ameniuliza mara ya pili: una hakika kwenu hakuna? Akasema asingeniuliza tena kama jibu halikuwa na uzito. Kama yupo, ananipasua mwezi ujao. Kama hayupo, yuko tayari kubadilisha dawa na kungoja, maana upasuaji nao una hatari zake na mimi bado kijana.

Nimemwambia anipe muda. Mjomba, siandiki kukusuta. Nataka jibu moja tu. Unaona upande wa kushoto?

Mpwa wako


9 Mei

Mpwa,

Marahaba, ya robo.

Kumbe nilikuwa nimemkaribisha mpelelezi. Nakaa kwangu, nasimulia hadithi zangu, kumbe natiliwa chai ya mtego kama panya wa maabara. Chai yenyewe ilikuwa haina sukari. Nilikuwa naikwepa kwa heshima. Na dada yangu amekuwa akihamisha vikombe tangu tukiwa watoto, ni ugonjwa wake, muulize nani aliyemtuma.

Habari za ukuta, mtindo ni mtindo. Wewe umesomea majengo, ungenielewa kabla ya kinyozi. Unafumba jicho moja mbele ya ukuta halafu unaniletea hukumu. Ningefumba jicho moja mimi mbele ya vitabu vyako ningekuta nini?

Nimekasirika, ila si sana. Ukali wangu unajua haufiki mwisho wa mtaa.

Huku kazi nimeipunguza kidogo. Ngazi imechoka, miguu yake inacheza, nimeiegemeza ukutani wiki hii yote. Nakaa mlangoni tu. Napiga miluzi. Fundi viatu kaniuliza kama naumwa nikamwambia naumwa utajiri. Kutulia siwezi. Naingia ndani, natoka, napanga makopo niliyoyapanga jana.

Tuseme, nasema tuseme tu, mtu angekuwa na hilo unalouliza. Angekwambia ili iweje? Uache chuo urudi kukaa na sisi? Babu yako siku watu walipojua haoni vizuri, tanuri lilipoa hapo hapo. Watu wale wale aliowatengenezea majembe miaka nenda miaka rudi walipita mbele ya mlango wanamsalimu kwa heshima zote, chuma wanakipeleka kwa mwingine. Hakuna aliyemwambia ubaya. Wote walikuwa wapole. Alikaa kwenye kiti anasikiliza nyundo ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa namshika mkono kumpeleka uani na kumrudisha, na nakumbuka nilijiambia

Basi. Nimetoka nje ya mada, kalamu ni kama punda, ukilala inajichagulia njia.

Jibu langu ni lile lile. Moshi. Na mimi naona pande zote, mpaka nyuma.

Mjomba wako,
Jicho la Tai


21 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ile ya chai. Mama alinipigia akasema hukula siku mbili. Sikutaka hivyo.

Nimefanya ulivyosema. Umeniambia hapana mara mbili, na mimi siwezi kusimama mbele ya mgeni nikasema mjomba wangu ni mwongo. Nimemwambia daktari kwetu hakuna. Amenibadilishia dawa. Upasuaji tumeusogeza mpaka baada ya Agosti, nikishatetea kazi yangu. Nilimwuliza kati ya sasa na wakati huo naweza kupoteza kiasi gani. Akasema hajui, kila jicho lina mwendo wake. Akaongeza kwamba kama angekuwa mwanawe asingengoja, lakini mimi ni mtu mzima na ndiye ninayejua kwetu.

Wiki iliyopita nilianguka kwenye ngazi. Nilikuwa nimebeba mikononi nyumba yangu ya karatasi ya Agosti, zahanati yenye paa la kukinga jua, na mtu akapanda upande wa kushoto. Nyumba ilikwenda zake na mimi nilikwenda zangu. Goti limepona. Nyumba naijenga upya. Hawaniiti Greda tena, na hilo ndilo lililoniogopesha, waliinama wote wakaanza kuokota vipande.

Lile bakuli jeupe nimelirudia. Kushoto kumepungua tena. Zamani nikiwa kitandani niliuona mlango bila kugeuka. Sasa mpaka nigeuke.

Ila usihangaike. Nikishikwa na wasiwasi nafanya vile ulivyoniambia, nakufikiria wewe.

Kula, Mjomba.

Mpwa wako


26 Mei

Mpwa wangu,

Leo sina salamu wala hadithi. Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, nikamwambia asipokufikishia mwenyewe asirudi mtaani kwangu. Ukishaisoma usiikunje. Nenda nayo kwa daktari saa hiyo hiyo.

Mwambie babu hakupofushwa na moshi. Wahunzi wengine wa soko lile walikuwa moshini kama yeye na walikufa wanaona. Yeye alianza kwa kugonga vitu vya pembeni, halafu ngazi, halafu akawa anaona mbele tu, halafu basi. Hakuwa mzee. Alikuwa na umri kama wangu wa sasa, au chini kidogo. Sisi ndio tuliosema moshi, kwa sababu moshi haurithiwi wala hauzuii posa, na ndani ya nyumba kulikuwa na wasichana na wavulana wa kuoa na kuolewa. Baada ya miaka tukawa tunaamini wenyewe.

Mwambie na mjomba wako anayo presha hiyo. Jicho la kushoto limekufa. Lilianza wewe ukiwa bado sekondari. La kulia naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Katikati kupo, pembeni hakuna. Ndiyo maana naweza kuandika barua na siwezi kukuta kikombe. Lile bango la vifaa nilianza pale nilipodhani ndipo ukuta unapoanzia. Mwenye duka aliponiuliza ndipo nilipojua, na niliogopa, nikasema neno la kwanza lililokuja. Hao wengine walinifuata wenyewe. Sikuwa na la kufanya ila kuwaandikia.

Kwa daktari sijawahi kwenda hata siku moja. Nilijua atasema nini. Mama yako anajua, nilimlisha kiapo, usimgombeze.

Ulipoandika mara ya kwanza ningeweza kusema. Nilikaa na barua ile mchana kutwa. Nikaona mtoto ana hofu, anatafuta mtu mmoja wa damu yake ambaye ugonjwa ulimwogopa, amshike huyo avuke. Nikajipeleka mimi. Na nilipenda, nisikufiche, nilipenda kuwa mtu huyo, hata kwenye karatasi. Halafu ukaandika kwamba umemwambia daktari hakuna. Kwamba ukishikwa na wasiwasi unanifikiria mimi. Nikasoma hapo nikatoka nje.

Chuo usiache. Wakikurudisha mwaka, rudia. Mimi Jumatatu mama yako ananipeleka kliniki, ameshanifungia mlango wa karakana na funguo anazo yeye. Huenda wakaokoa hiki kibomba kilichobaki, huenda wasiokoe. Hiyo ni yangu, usiibebe. Wewe kapasuliwe sasa, usingoje Agosti.

Macho yangu ni mabovu, mpwa. Ya tai sikuwa nayo. Nilikudanganya.

Mjomba wako